Mnanaha wa jalalani, kidonge cha tumbo na hamira ya maabara

Nyuma ya nyumba tuliyokulia Tanga kulikuwa na jalala, na pembeni ya jalala umesimama mnanaha. Nadhani kila aliyekulia pwani anaujua hata kama jina limemtoka, ule mmea wenye maua marefu kama tarumbeta, meupe au ya zambarau, alafu unazaa tunda la duara lenye miiba mwili mzima. Bibi alikuwa anayakausha majani yake, pumu ikimbana anaweka kidogo juu ya kaa la moto kwenye kigae, anavuta ule moshi taratibu, kifua kinaachia. Na bibi huyo huyo ukigusa lile tunda anakuchapa mkono, "hilo la wehu hilo, ukila unawehuka." Sisi watoto tuliona anajipinga mwenyewe, dawa gani hiyo ambayo ni ya wehu.

Nimeishi na hilo swali miaka mingi. Mi ni fundi umeme, sijasomea udaktari wala ufamasia, ila mimea ya dawa ndo kitu ninachokisoma usiku, na kadri nilivyosoma nikaona mnanaha huu mmoja unapita katikati ya mambo matatu ambayo watu wanayachanganya vibaya sana: miti shamba, uhandisi wa jeni, na ile hali ya akili kuhama ambayo huyu ataiita maono, yule majini, mwingine kulewa. Wengine wameamua moja kwa moja kwamba cha asili ni salama na cha maabara ni hatari, wengine kinyume chake, na kila mtu ana hasira. Mi naona ukiifuata kemikali moja tu, kuanzia mzizini mpaka kwenye ubongo na mpaka kwenye tangi la hamira, mafundo mengi yanalegea yenyewe.

Tuanze na mmea. Mnanaha kitaalamu ni Datura, jina limetoka kwenye dhatura la Kihindi, na ukoo wake ni ule ule wa nyanya, bilinganya, pilipili, viazi mbatata na tumbaku. Ndani yake kuna kemikali za jamii inayoitwa alkaloidi, na zenye nguvu zaidi ni mbili, hayosiamini na skopolamini. Atropini unayoisikia hospitalini ni hiyo hiyo hayosiamini ambayo wakati wa kuikamua sehemu yake imejigeuza, kama mkono wa kulia na wa kushoto, umbo moja ila umepinduliwa. Mmea haukutengeneza hivi vitu kwa ajili yetu, iwe kutuponya au kutulevya, umevitengeneza kwasababu hauna miguu ya kukimbia, mdudu akitafuna au mnyama akionja basi ajute. Na kilichonishangaza kuliko vyote ni kwamba alkaloidi hizi zinapikwa kwenye mizizi, alafu ndo zinapandishwa juu kwenye majani na mbegu. Watafiti walishachukua kikonyo cha mnyanya wakakipandikiza juu ya shina la mnanaha, mnyanya ukaota vizuri kabisa, walipoupima wakakuta una alkaloidi za mnanaha. Mnyanya hauna ujuzi wa kupika ile kitu, umepandishiwa tu kutoka chini. Kwahiyo kama unapenda kupandikiza miche usije ukatumia shina la mnanaha, watu walishalazwa hospitali kwa nyanya za namna hiyo.

Sasa ikiingia mwilini inafanya nini. Mishipa yetu ya fahamu inatuma ujumbe kwa kemikali, na mojawapo inaitwa asetilikolini. Ndo inayoamuru mate yatoke, jasho litoke, mboni ya jicho isinyae, njia za hewa zibane, utumbo usukume, kibofu kikamue mkojo, moyo upunguze mwendo. Kila sehemu kuna vipokezi vinavyoisubiri. Mi kwa ufundi wangu naiona hivi: vipokezi ni swichi, asetilikolini ni kidole, na alkaloidi ya mnanaha ni kama mtu amebandika gundi kwenye swichi, umeme upo, waya mzima, kidole kinabonyeza lakini taa haiwaki. Ukishaelewa hilo unaweza kutabiri kila kitu. Mdomo unakauka mpaka ulimi unaganda, jasho linakata na mwili unachemka, mboni zinapanuka mtu haoni vya karibu, moyo unaenda mbio, mkojo unagoma. Na njia za hewa zinalegea. Hapo ndo kifua cha bibi kilipoachia! Hakuwa anajidanganya, na hata Waingereza walijifunza kuvuta mnanaha kwa ajili ya pumu kutoka India mwanzoni mwa miaka ya 1800, baadae kukawa na sigara za pumu zinauzwa madukani kwao kwa zaidi ya miaka mia.

Upande wa akili ndo unataka utulivu, kwasababu hapa watu wanapotoshana mno.

Tulikuwa darasa la nne, kijana mmoja wa mtaani kwetu alibishiana na wenzake akala mbegu. Jioni alikuwa mwekundu macho, ngozi kavu ya moto, anachambua mchele hewani kwa vidole, mchele ambao haupo, na anamjibu mtu aliyesimama mlangoni na mlangoni hakuna mtu. Alikuwa anampinga huyo mtu kabisa, wanabishana. Nyumbani kwao wakasema majini, akapelekwa kwanza kwa mganga usiku mzima, hospitali akafika kesho yake asubuhi. Alipona. Nilipomuuliza baada ya wiki aliona nini akasema hakumbuki chochote, hata kula zile mbegu hakumbuki.

Kiswahili kina neno zuri la hali ile, kuweweseka. Asetilikolini kwenye ubongo ndo inayoshikilia umakini na kuandika kumbukumbu, na skopolamini inavuka vizuri tu kuingia kwenye ubongo, ikiziba zile swichi mtu anakuwa macho lakini ubongo wake umeacha kutofautisha kinachotoka nje na kinachotoka ndani. Anaota akiwa amesimama. Na hii ni tofauti kubwa na mimea mingine inayosifiwa kwa kubadili akili. Uyoga wenye silosibini kwa mfano unagusa vipokezi vingine kabisa, vya serotonini, mtu anaona rangi zinacheza na ukuta unapumua lakini mara nyingi bado anajua kwamba amekula uyoga. Aliyekula mnanaha hajui. Anawasha sigara ambayo haipo, anaongea na rafiki ambaye hayupo, na kwake huyo rafiki yupo kama wewe ulivyo. Kwahiyo mtu anaposema mnanaha "unafungua mlango" wa ulimwengu mwingine mi nambishia, naona unazima taa ndani ya nyumba alafu kila kivuli kinakuwa mtu. Sidharau mila za watu, najua Watsonga wa kusini mwa Afrika walikuwa wanautumia kwenye unyago wa wasichana, chini ya uangalizi wa wanawake wazima wenye ujuzi, na wasichana walitegemea kusikia sauti za mizimu. Lakini hata pale kulikuwa na wasimamizi, na maana ya kinachosikika ilishaandaliwa kabla. Kijana wa mtaani kwetu hakuwa na msimamizi.

Kuna kisa cha zamani cha Jamestown, Virginia, mwaka 1676, askari wa Kiingereza walitumwa kuzima uasi wakachuma majani ya mnanaha wakapika kama mboga. Mwandishi aliyekisimulia mwaka 1705 anasema walikaa siku 11 wamepotea, mmoja anapuliza unyoya hewani, mwingine anaurushia majani makavu kwa hasira, mwingine yuko uchi kwenye kona kama nyani, na walipozinduka hawakukumbuka hata kidogo. Ile "hawakukumbuka" naikuta kila mahali. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 kule Freiburg, Ujerumani, madaktari Krönig na Gauss waliwapa wajawazito skopolamini pamoja na mofini wakati wa kujifungua, wakaita usingizi wa machweo, na wanawake walipoamka walisema hawakuhisi uchungu. Ukweli ni kwamba wengi waliuhisi, walilia na kurukaruka, wengine ilibidi wafungwe kitandani. Hawakuukumbuka tu. Hilo swali sijalimaliza mpaka leo, maumivu ambayo hayakuandikwa popote kwenye kumbukumbu, aliyeyapata ni nani?

Turudi kwa bibi maana nimegundua kitu. Alitumia majani tu, hakugusa mbegu. Alivuta moshi, hakunywa. Alichukua kiasi cha ncha za vidole vitatu, na siku zote kutoka kwenye kile kile kichaka. Kwa vitu alivyokuwa navyo alikuwa anafanya kazi ya mfamasia, anajaribu kushikilia kipimo kisitembee. Shida ni kwamba mmea wenyewe unatembea, kiasi cha alkaloidi kinabadilika kati ya mbegu na jani, jani changa na zee, mmea wa kivulini na wa juani, msimu na msimu, na kati ya kipimo kinachofungua kifua na kinachokuwehua hakuna nafasi kubwa. Huo ndo udhaifu wa miti shamba ya aina hii, wala usiniambie ni ushirikina au ukosefu wa elimu. Bibi alijua dawa, asichokuwa nacho ni mizani ya kuona ndani ya jani.

Na kipimo kikitembea watu wanakufa. Mwaka 2019 kule Karamoja, Uganda, wilaya za Amudat na Napak, unga wa lishe wa msaada ulikuwa umechanganyika na alkaloidi hizi hizi za mnanaha, kwasababu mnanaha ni gugu linaloota katikati ya mazao na mbegu zake zikivunwa pamoja hazionekani kirahisi. Mamia ya watu waliugua, wanaweweseka, hawajitambui, na watu 5 wakafariki. Hakuna aliyetaka kulewa pale, walikula uji.

Sasa nenda duka la dawa. Kile kidonge cha tumbo la kusokota ambacho wadada wengi wanakijua wakati wa hedhi, Buscopan na ndugu zake, dawa iliyomo ni skopolamini ambayo wanakemia wameifungia kipande kingine ikabeba chaji ya umeme. Ikiwa na chaji haiwezi kuvuka ukuta unaolinda ubongo, kwahiyo inalegeza utumbo tu na akili inabaki mahali pake. Ujanja huo huo umefanyika kwenye ipratropiamu, dawa ya kuvuta ya kifua iliyotokana na atropini. Yani ile kazi ya moshi wa bibi, bila wehu wake! Na atropini yenyewe iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO), mkulima akipata sumu ya dawa za kuulia wadudu aina ya organofosfati asetilikolini inafurika mwilini, mate na makohozi yanamzamisha, na kinachomwokoa ni atropini ikiziba zile swichi. Sumu moja inapigana na nyingine. Kinyume chake pia kipo, aliyezidiwa na atropini anaweza kupewa fizostigmini ambayo inatoka kwenye maharage ya Calabar, Nigeria, yale ambayo Waefik, watu wa huko, walikuwa wanawapa watuhumiwa wa uchawi ili wajulikane kama ni wachawi. Huko Prague waliitumia kumtibu aliyezidiwa na atropini mwaka 1864. Ndo maana siwezi kukubaliana na mtu anayeuliza "hii ni dawa au ni sumu" kama vile jibu limeandikwa kwenye jani.

Swali linalofuata ni dawa zote hizo zinatoka wapi. Bado zinatoka shambani. Sehemu kubwa ya skopolamini ya viwandani inakamuliwa kwenye mti unaoitwa Duboisia, ndugu wa mnanaha, unaolimwa Australia na Brazil. Ukame ukija, moto ukija, meli zikisimama kama wakati wa korona, hospitali upande mwingine wa dunia inakosa dawa. Kwahiyo watu wakajiuliza, ile mizizi inapika, si tujifunze mapishi tukapikie kwingine?

Mwaka 2020 Prashanth Srinivasan na Christina Smolke wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza kwamba wamefanya hamira, hamira ya familia ile ile ya kuumua mandazi, itengeneze hayosiamini na skopolamini kutoka kwenye sukari. Kuelewa walichofanya fikiria biriani. Masala yanapikwa sufuria yake, wali sufuria yake, alafu mwishoni ndo vinakutanishwa. Alkaloidi hii ni hivyo hivyo, nusu moja inaanzia kwenye asidi amino inaitwa arginini inapita hatua kadhaa mpaka inakuwa tropini, nusu ya pili inaanzia kwenye fenilalanini, zikishakuwa tayari zinaunganishwa, alafu kile kilichopatikana kinapangwa upya mpaka kiwe hayosiamini, na hatua nyingine inakigeuza skopolamini. Kila hatua ina mpishi wake, yani kimeng'enya, na kila kimeng'enya kimeandikwa kwenye jeni. Uhandisi wa jeni hapa maana yake ni kuchukua maandishi ya kila mpishi na kuyaingiza kwenye DNA ya hamira. Ilibidi waingize na kurekebisha protini zaidi ya 20, zimetoka kwa mimea, bakteria, wanyama na hamira yenyewe, na kuzipanga kwenye vyumba sita tofauti ndani ya seli moja, maana kama ilivyo kwenye mmea kuna kinachopikwa huku na kinachomaliziwa kule, wakahitaji mpaka protini ya tumbaku ya kusafirisha mzigo kutoka chumba hadi chumba. Na kuna mpishi mmoja alikuwa hajulikani! Mmea ambao watu wameutumia karne na karne, na bado kimeng'enya cha hatua moja ya mapishi yake kilikuwa hakijulikani mpaka hao wakakitafuta na kukipata.

Najua mtu ameshasema "hiyo GMO." Ndio, hamira hiyo ni GMO, yani kiumbe kilichobadilishwa jeni. Lakini tuelewane GMO ya nini. Hamira inabaki ndani ya tangi, haipandwi shambani, na kinachotoka kikishasafishwa ni molekuli ile ile, haina kumbukumbu kwamba imetoka kwenye mzizi au kwenye tangi. Insulini ya binadamu inatengenezwa na vijidudu vya namna hiyo tangu mwaka 1982 na sijamsikia mgonjwa wa kisukari akiikataa kwa sababu hiyo. Hofu yenye mashiko naiona sehemu mbili. Ya kwanza ni ulevi wa kupika nyumbani, maana mwaka 2015 Smolke na wenzake walishafanya hamira itengeneze dawa za jamii ya afyuni, na mwaka huo huo wataalamu wengine walionya kwamba siku moja mtu atapika afyuni kama anavyopika pombe. Wakati ule ilikuwa inakadiriwa dozi moja ingehitaji lita zaidi ya 16,000 za hamira, kwahiyo palikuwa bado mbali.

Ya pili inanigusa zaidi, wakulima na wenye ujuzi wa asili. Mtafiti wa leo akishakuwa na herufi za jeni kwenye kompyuta anaweza kuagiza DNA ikatengenezwa, hahitaji tena jani lako wala kuja kijijini kwako kuuliza. Kuna mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010 unaotaka nchi yenye mmea ipate fungu lake, ila uliandikwa ukifikiria majani na mbegu, na ugomvi kuhusu taarifa za jeni zilizoko kwenye mtandao ukaanza baada ya hapo. Bibi angedai vipi?

Lakini sio kila mara hamira inamshinda mkulima. Artemisia, ambayo ndo chimbuko la dawa mseto ya malaria, ililimwa Kenya, Tanzania na Uganda, na mwaka 2013 kampuni ya dawa ya Sanofi ikaanza kutengeneza artemisinini, yani dawa yenyewe iliyomo kwenye mmea huo, kiwandani Italia kwa hamira iliyotokana na kazi ya Jay Keasling wa Berkeley. Ilifanya kazi vizuri sana kimaabara. Bei ndo ikawaangusha, artemisinini ya shamba ilishuka mpaka chini ya dola 250 kwa kilo, ya hamira ilikuwa inagharimu zaidi ya dola 350, uzalishaji ukasimama. (Na artemisia ya kuchemsha nyumbani kama chai ina shida ile ile ya mnanaha, hujui umekunywa kiasi gani, ndo maana WHO haiipendekezi kwa malaria, vimelea vikipewa dozi ndogo ndogo vinajifunza kuizoea dawa.)

Na hamira ya skopolamini iko wapi? Kwenye kazi ile ya 2020 ilitoa makumi ya mikrogramu kwa lita. Kiraka kimoja cha nyuma ya sikio cha kuzuia kichefuchefu cha safarini kinatoa kama miligramu moja kwa siku tatu, yani unahitaji lita nyingi za hamira, ndoo na ndoo, kupata kiraka kimoja. Zile za jamii ya afyuni zimekimbia mbele, mwaka 2024 kampuni aliyoianzisha Smolke na wenzake ilitangaza kutengeneza thebaini, malighafi ya dawa za jamii hiyo, kwenye matangi makubwa ya kiwandani. Ya mnanaha bado, kwa hiyo kidonge chako cha tumbo mwezi huu kuna uwezekano mkubwa kimeanzia kwenye jani la ule mti wa Duboisia, uliopikia kwenye mizizi.